Makazi ya Handaki ya Zama za Kati Mashambani Uingereza na Ayalandi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Fungua ramani ya kina ya Suffolk, Essex au Warwickshire, iangalie polepole, na utakuta miraba midogo ya buluu iliyotawanyika mashambani, kila mmoja ukiwa na uwazi katikati. Hayo ni mahandaki ya maji yaliyochimbwa kwa mikono miaka 700 hivi iliyopita kuzunguka nyumba za watu. Wapenzi wengi wa historia huyapita wakikimbilia ngome kubwa na makanisa makuu. Ukurasa huu umeandikwa kwa imani kwamba miraba hiyo ina habari ambazo ngome hazina: jinsi watu wa mashambani walivyogawana ardhi, maji na heshima, na jinsi msitu ulivyogeuka shamba.

Makazi ya handaki ni kitu gani hasa?

Ni mahali pa kuishi palipozungushiwa mtaro mpana, wenye maji mwaka mzima au wakati wa mvua tu, pakabaki kipande cha ardhi kavu katikati. Kipande hicho huitwa kisiwa. Juu yake ilisimama nyumba ya mwenye mali na majengo yake ya karibu. Umbo la kawaida ni mraba au mstatili, lakini yapo ya mviringo, yapo yenye pande tatu tu, na yapo yenye visiwa viwili: kimoja cha nyumba, cha pili cha ghala, zizi au bustani ya matunda. Upana wa handaki mara nyingi ni kati ya mita 5 na 15. Watu waliingia kwa daraja la mbao, au kwa njia ya udongo iliyoachwa bila kuchimbwa.

Wenyewe hawakuwa mabwana wakubwa peke yao. Maaskofu walikuwa nayo, watawa waliyachimba kwenye mashamba yao ya mbali, mapadri wa parokia walizungushia nyumba zao, na wakulima huru waliojiweza nao wakafuata. Tofauti hiyo ya watu ni jambo la kushika tangu mwanzo, kwa sababu majibu mengi yaliyo hapa chini yanaitegemea.

Yapo mangapi, na yako wapi?

Uingereza peke yake yanajulikana makazi ya namna hii yapatayo 6,000. Hayakusambaa sawasawa. Yamejazana mashariki na katikati ya nchi: Essex, Suffolk, Norfolk, Cambridgeshire, Warwickshire, Worcestershire. Ukienda kwenye milima ya kaskazini au kwenye nyanda za chokaa utatembea muda mrefu bila kuona hata moja.

Sababu ya kwanza ni udongo. Suffolk na Essex zina tambarare pana ya udongo mzito wa mfinyanzi ulioachwa na barafu za kale. Udongo huo haupitishi maji, hivyo ukichimba shimo linajaa lenyewe na kubaki limejaa. Kwenye chokaa maji yanazama. Lakini udongo peke yake hautoshi kuwa jibu, maana zipo sehemu zenye mfinyanzi tele na mahandaki machache. Hapo inabidi kuuliza nani alikuwa anamiliki nini, na tutafika huko.

Nje ya Uingereza, Ayalandi ina mamia mengi ya makazi haya, na ng'ambo ya bahari yapo Flanders, Ufaransa, Ujerumani na Denmark. Hapa nimebaki Uingereza na Ayalandi.

Yalichimbwa lini?

Yapo ya karne ya 12, na yapo yaliyochimbwa karne ya 15 na hata ya 16. Lakini kishindo kilikuwa kati ya mwaka 1250 na 1350. Katika miaka hiyo 100 kuchimba handaki kulienea mashambani kiasi kwamba ni vigumu kutaja sehemu ya mashariki ambayo haikuguswa.

Kwa hiyo yalikuwa ngome?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika vitabu vya watalii.

Ulinzi wa maji wa kweli unafahamika. Mwaka 1266 wapinzani wa Mfalme Henry III walijifungia katika ngome ya Kenilworth, Warwickshire, ambayo ilizungukwa na ziwa la kutengenezwa. Jeshi la mfalme liliizingira kwa miezi kama sita, likashindwa kuingia kwa nguvu, na mwishowe njaa na maradhi ndivyo vilivyowatoa waliokuwa ndani. Sasa linganisha na handaki la kawaida la Suffolk: upana wa mita 8, kina kinachomfika mtu kifuani, nyuma yake nyumba ya mbao na udongo yenye paa la nyasi, bila ukuta wala mnara. Wakazi wake wangeweza kuwa kumi na tano. Kikosi cha watu wenye mbao chache na mshale mmoja wenye moto kingemaliza kazi asubuhi moja.

Ila tusilitupe suala la usalama lote. Vijijini kulikuwa na wezi, na hofu yao imeandikwa katika sheria. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliamuru vichaka na mitaro ifyekwe futi 200, yaani kama mita 60, kila upande wa barabara kuu kati ya miji ya masoko, ili majambazi wasipate pa kujificha. Na mwaka 1281 Mfalme Edward I alimpa Peter Corbet kazi ya kuwamaliza mbwa mwitu katika wilaya za magharibi, zikiwemo Worcestershire na Shropshire. Katika hali hiyo, handaki lenye mlango mmoja linalofungwa usiku lina maana. Linamzuia mwizi wa ng'ombe na linawazuia kondoo wasitangetange.

Kama si vita, kwa nini mtu ajitese kuchimba?

Kwa sababu kadhaa kwa pamoja, na kila mahali uzito wake ulitofautiana.

Anza na ukavu. Kwenye mfinyanzi mzito, nyumba iliyojengwa chini kabisa inakaa kwenye tope tangu Oktoba hadi Aprili. Ukichimba mtaro kuzunguka, maji yanashuka humo, na udongo uliotoka unautandaza juu ya kisiwa kukiinua. Baadhi ya udongo huo ulikandikwa kwenye kuta za nyumba yenyewe, hivyo shimo na nyumba vilitoka mahali pamoja.

Kisha matumizi ya maji. Nyumba ya mbao yenye jiko la kuni na paa la nyasi inaogopa moto kuliko inavyomwogopa adui, na bwawa lililo hatua chache kutoka mlangoni ni msaada mkubwa. Farasi na ng'ombe walinyweshwa hapo. Vyoo vya nyumba vilimwaga humo humo pia, jambo linalotufanya tukunje uso leo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu heshima, ambayo naamini ndiyo iliyovuta watu wengi zaidi. Mfalme na makabaila wakuu walikuwa na ngome zenye maji. Mtu wa chini yao kidogo hakuweza kujenga ngome, na kama alitaka kuweka kuta zenye meno (mapengo ya juu kama ya ngome) juu ya nyumba yake ilifaa aombe kibali cha mfalme. Handaki kwa kawaida halikuhitaji kibali hicho. Lilihitaji ardhi, majembe na watu wa kuchimba. Mkulima huru aliyepata eka zake mwenyewe msituni aliweza kuweka mpaka wa maji kati yake na majirani, na kila aliyekuja kudai kodi, kuomba kazi au kupeleka posa alilazimika kuvuka daraja lake kwanza. Siku ya kufika mgeni, daraja lile lilikuwa linasema mengi kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, nenda Lower Brockhampton huko Herefordshire. Nyumba ya mwanzoni mwa karne ya 15 imesimama nyuma ya handaki, na mbele yake, juu ya maji, kuna jengo dogo la lango lililoongezwa karne iliyofuata. Ni la mbao za mwaloni, mraba, ghorofa ya juu imetokeza nje kidogo kuliko ya chini, na limepinda kwa uzee hivi kwamba hakuna mstari ulionyooka. Mlango wake ni mzito, umepigwa misumari. Pembeni yake pande zote mbili ni majani na maji tu, hakuna ukuta. Mvamizi angelizunguka kwa hatua ishirini. Lango hilo lilijengwa ili lipitwe na kutazamwa, na bado linafanya kazi hiyo.

Nani alichimba, na iligharimu kiasi gani?

Walichimba wakulima wa eneo hilo. Wengine walilipwa kwa siku, wengine walikuwa wakulima wasio huru waliodaiwa siku za kazi na bwana wao kama sehemu ya kodi ya mashamba yao.

Hesabu si ngumu, tuifanye. Chukua kisiwa cha mita 60 kwa 50. Handaki lina upana wa mita 10 juu, mita 4 chini, na kina cha mita 2. Urefu wake ukipimwa katikati ni mita 260, na kila mita ya urefu inatoa mita za ujazo 14. Jumla ni mita za ujazo 3,640 za udongo mzito na wenye maji. Tuseme mtu mmoja kwa jembe la mbao lenye ncha ya chuma anatoa mita za ujazo mbili na nusu kwa siku, kuchimba na kubeba. Zinahitajika siku za kazi 1,456. Watu 20 wangemaliza kwa siku 73, wakianza mavuno yakishaisha na kuacha ardhi inapoganda.

Karibu na mwaka 1300 kibarua asiye na ufundi alilipwa peni moja hadi moja na nusu kwa siku. Kwa peni moja na nusu kazi yote inafika kama pauni 9 (pauni ya wakati huo ilikuwa peni 240). Hiyo ni hesabu yangu ya kukadiria, ila inasaidia kupima: mwaka 1278 Edward I aliamuru kila mwenye ardhi yenye kipato cha pauni 20 kwa mwaka ajitokeze kuvishwa unaiti, yaani cheo cha askari mpanda farasi. Basi handaki lilimgharimu mtu wa cheo hicho karibu nusu ya kipato cha mwaka. Ni gharama kubwa, lakini inabebeka. Ngome ya mawe ingemfilisi yeye na wanawe.

Mbona mengi yako peke yake, mbali na kijiji?

Hapa ndipo mahandaki yanapokuwa mazuri kuliko vyote kwa anayependa kuisoma ardhi.

Chukua Warwickshire. Kusini kulikuwa na Feldon, nchi ya vijiji vikubwa na mashamba ya wazi ambamo kila familia ilikuwa na vipande virefu vilivyochanganyika na vya wengine. Wote walilima kwa ratiba moja, walivuna kwa wakati mmoja, na walichunga pamoja baada ya mavuno. Kaskazini kulikuwa na Arden, nchi ya misitu, malisho na nyumba zilizotawanyika. Mahandaki ni mengi Arden na machache Feldon. Mtaalamu wa jiografia Brian Roberts aliyafuatilia mahandaki ya Arden tangu miaka ya 1960, na alionyesha jinsi yanavyokwenda sambamba na ufyekaji wa msitu katika karne ya 12 na 13.

Kilichotokea ni hiki. Idadi ya watu ilikuwa inapanda, nafaka ilikuwa na bei, na ardhi ya zamani ilikuwa imekwisha kugawanywa. Iliyobaki ilikuwa msitu na pori. Bwana wa eneo alimruhusu mtu huru afyeke sehemu yake, aizungushie ua, ailime peke yake bila kufungwa na ratiba ya kijiji, na amlipe kodi ya fedha. Mtu huyo hakuwa na sababu ya kujenga kijijini. Alijenga katikati ya shamba lake jipya, na akachimba handaki kuonyesha kuwa amefika na hatoki.

Sheria nazo ziliifungua njia hiyo. Hati ya Misitu ya mwaka 1217 ilimruhusu kila mtu huru, ndani ya msitu wake au ardhi yake iliyo katika eneo la msitu wa kifalme, kutengeneza kinu, bwawa, shimo la udongo wa mbolea, mtaro au shamba, mradi asimdhuru jirani. Mwaka 1235 Sheria ya Merton ikawapa mabwana haki ya kuzungushia ua sehemu ya pori la pamoja ikiwa wanawaachia wapangaji wao malisho ya kutosha. Neno "kutosha" lilileta ugomvi usiokwisha, na ni haki tukumbuke kwamba kila shamba jipya lenye handaki lilikuwa pia pori ambalo maskini walikuwa wakichunga nguruwe na kuokota kuni.

Suffolk hali ni nyingine tena. Huko nyumba nyingi za handaki zimejipanga pembeni mwa malisho ya pamoja, makubwa na yenye umajimaji, kila moja ikielekeza daraja lake kwenye malisho. Hazikukimbia watu. Zilikwenda kukaa karibu na mali ya wote ili zipate kuitumia.

Na yapo mahandaki yaliyo peke yake kwa sababu kijiji ndicho kilichoondoka. Baada ya tauni ya 1348 na 1349 vijiji vingi vilipungua, vingine vikafa kabisa baadaye ardhi ilipogeuzwa malisho ya kondoo. Nyumba ya bwana na kanisa vikabaki vikitazamana uwanjani. Kwa hiyo upweke wa leo usichukuliwe kuwa upweke wa zamani kabla ya kuchunguza.

Nawezaje kujua kipi kilitangulia, handaki au mashamba?

Tazama matuta. Jembe la zama za kati lililovutwa na maksai lilikuwa likisukuma udongo upande mmoja, na baada ya miaka mingi ya kulima kwa kuzunguka, kila kipande kikawa na mgongo mrefu katikati na bonde pembeni. Mahali palipogeuzwa malisho mapema migongo hiyo ipo mpaka leo. Inaonekana vizuri jua likiwa chini, au theluji nyembamba ikianguka.

Ukiona migongo inafika kwenye handaki na kukatika ghafla, halafu inaendelea upande wa pili kwa mstari uleule, handaki lilichimbwa juu ya shamba lililokuwa likilimwa. Mtu mwenye nguvu aliwaondoa wakulima hapo. Ukiona migongo inapinda kulikwepa handaki, basi handaki lilikuwepo kwanza au vilipangwa pamoja. Dakika kumi za kutazama vizuri zinakupa historia ambayo hakuna hati iliyoiandika.

Kulikuwa na samaki ndani?

Mara nyingi, ndiyo. Kanisa lilikataza nyama Ijumaa, Kwaresima yote na siku nyingine nyingi, na samaki wa maji baridi walikuwa chakula cha heshima, kitu cha kumpa mgeni mkubwa. Mikunga na samaki wengine wa mabwawani walifugwa. Lakini aliyefuga kwa bidii alichimba mabwawa ya pembeni, kwa sababu ufugaji mzuri unataka bwawa linaloweza kukaushwa, na handaki la nyumba lilikuwa gumu kukausha. Ndiyo maana karibu na handaki la mwenye uwezo utakuta safu ya mashimo ya mstatili yaliyounganishwa na mfereji. Utakuta pia nyumba ya njiwa, bustani ya matunda na vilima vya kufugia sungura.

Ni kweli watu walijificha katika mahandaki haya?

Kisa kimoja ni cha kweli kabisa. Baddesley Clinton, Warwickshire, ni nyumba ya handaki iliyoko katika ile nchi ya Arden. Mwaka 1591, chini ya Malkia Elizabeth I, Ukatoliki ulikuwa umepigwa marufuku na padri aliyekamatwa aliweza kuuawa kwa kosa la uhaini. Mwezi Oktoba mwaka huo mapadri wa Kijesuiti, miongoni mwao Henry Garnet, John Gerard na Robert Southwell, walikuwa wamekutana humo wapekuzi walipogonga mlango alfajiri.

Mahali pa kujificha palikuwa mfereji wa zamani wa maji machafu uliopita chini ya jengo, kando ya handaki, na uliowahi kupeleka uchafu wa vyoo kwenye maji. Walisimama humo kwa muda wa saa nne, miguu ndani ya maji, huku wapekuzi wakipiga kuta juu yao. Hawakuonekana. Southwell alikamatwa mwaka uliofuata na kunyongwa 1595. Garnet alinyongwa 1606. Mfereji huo bado upo.

Ayalandi ilikuwa tofauti?

Ndiyo, na hoja ya ulinzi inapata nguvu zaidi huko. Wavamizi kutoka Uingereza na Wales waliingia Ayalandi mwaka 1169, na katika karne iliyofuata waligawana kusini na mashariki ya kisiwa. Makazi ya handaki yalifuata karne ya 13 na mwanzoni mwa ya 14, na mengi yako Wexford, Kilkenny, Tipperary, Limerick na Cork. Ndani ya wilaya hizo hupatikana zaidi kwenye maeneo ya ukingoni, mbali na miji na vijiji vya wageni, mahali ambapo mlowezi aliishi akiwatazama Waayalandi waliopoteza ardhi yao. Mtu aliyekaa hapo alikuwa na sababu halisi ya kulala vibaya, na tuta la ndani lenye uzio wa miti juu yake halikuwa pambo.

Hata hivyo Waayalandi nao walijenga ya kwao. Huko Cloonfree, Roscommon, Aodh Ó Conchobhair, mfalme wa Connacht, alijenga makao yenye handaki la pembe nne mwanzoni mwa karne ya 14, na washairi wa Kigaeli wakayatungia sifa. Mfalme wa ukoo wa kale alichukua umbo la wageni akalifanya jumba lake. Ningeomba kila anayesema kwamba makazi haya ni alama ya Waingereza tu aanze na Cloonfree.

Angalizo: Ayalandi ina pia makumi ya maelfu ya maboma ya mviringo ya udongo, ambayo ni ya karne nyingi kabla. Pembe nne zilizonyooka ndizo za kutafuta.

Kwa nini watu waliacha kuchimba?

Kwanza njaa kuu ya 1315 hadi 1317, mvua zilipoozesha mazao miaka mfululizo. Kisha tauni, iliyoua labda nusu ya watu. Vibarua wakawa adimu na ghali, ardhi mpya haikuhitajika tena, na ufyekaji wa msitu ukasimama. Ayalandi kulikuwa na vita vya Edward Bruce, ndugu wa mfalme wa Uskoti, 1315 hadi 1318, juu ya hayo yote.

Matajiri hawakuacha kabisa. Edmund Bedingfeld alipata kibali cha kujenga Oxburgh Hall, Norfolk, mwaka 1482, nyumba kubwa ya matofali inayosimama moja kwa moja majini. Lakini ile desturi ya mtu wa kati kuchimba handaki lake ilikuwa imekwisha.

Wanaakiolojia hupata nini humo?

Vitu ambavyo mahali pakavu huoza. Tope la chini ya handaki halina hewa, kwa hiyo ngozi, mbao, mbegu na chavua za mimea hubaki. Soli za viatu zilizochakaa upande mmoja, bakuli za mbao, mbegu za matunda, mifupa ya samaki. Nguzo na mihimili ya madaraja ikipatikana, pete za mwaka ndani ya mti hutaja wakati mti ulipokatwa, wakati mwingine mwaka wenyewe. Na chavua huonyesha msitu ulivyopungua na nafaka ilivyoongezeka kuzunguka nyumba.

Hiyo ndiyo sababu inauma kuona handaki lililokaushwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mengi yalifukiwa kwa matingatinga ili shamba liwe moja. Hata lisipofukiwa, mtaro wa kisasa ukishusha maji, hewa inaingia kwenye tope na kilichodumu miaka 700 huoza kwa muda mfupi. Mahandaki yenye maji pia ni makazi ya viumbe wanaolindwa kisheria, wakiwemo wale wadogo wa jamii ya vyura wenye mkia, ambao mabwawa yao mengine mashambani yamepotea.

Nitalitambuaje nikiwa nyumbani, na nikitaka kwenda?

Nyumbani, tumia vipimo vya laida vya Shirika la Mazingira la Uingereza. Ni vya bure na vinafunika karibu nchi nzima. Ndege hupima sura ya ardhi kwa mwale wa leza, na mahandaki yaliyofichwa na miti hujitokeza waziwazi. Tafuta pia mashamba yanayoitwa Moat Farm au Moat House, na neno "Moat" lililoandikwa kwa herufi za kizamani kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa.

Shambani, utaona mstari wa miti uliopinda kwa pembe mraba, majani yenye kuwasha yaliyosimama kifuani, na chini yake maji meusi. Jihadhari na mabwawa ya bustani za karne ya 17 na 18, ambayo yanafanana sana na mahandaki ya kale.

Za kutembelea, ningeanza na Ightham Mote, Kent. Sehemu za kwanza ni za karibu mwaka 1320, na maji yanagusa kuta pande zote. Mmarekani Charles Henry Robinson, mtu wa Portland huko Maine, aliinunua mwaka 1953, na ilipofika 1985 akaiacha kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kale. Markenfield Hall, Yorkshire, iliyopata kibali cha kuweka kuta zenye meno mwaka 1310, bado ni nyumba ya watu na ina shamba linalofanya kazi, kwa hiyo angalia siku zake za kufunguliwa. Penhallam, Cornwall, haina kuta za kusimama. Ni misingi tu juu ya kisiwa chenye nyasi, ndani ya msitu, iliyochimbuliwa kati ya 1968 na 1973, lakini ndiyo mahali pazuri zaidi pa kuelewa ukubwa wa vyumba na jinsi ukumbi, jiko na kanisa dogo vilivyozunguka ua mmoja.

Kwa yale yaliyo kwenye mashamba ya watu, fuata njia za umma, na nje ya hapo omba ruhusa ya mkulima. Wengi wanafurahi wakiulizwa, na wengi wanajua kuhusu handaki lao mambo ambayo hayako kwenye kumbukumbu yoyote. Mengi yamelindwa chini ya sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1979, na kutumia kifaa cha kutafutia madini mahali pa namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Vaa gambuti, na nenda Februari, kabla majani hayajaota na maji yakiwa juu.